Mtoto anayenyamaza haraka dei kea: ametulia au amekata tamaa?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina mtoto wa kiume wa mwaka 1 na miezi 10. Tunaishi Tabata, nafanya kazi Posta, na mume wangu yuko bandarini kwa zamu. Tangu likizo yangu ya uzazi iishe mtoto alilelewa na dada wa kazi, dada mzuri tu, lakini Desemba alikwenda kwao Singida kwa sikukuu na hakurudi. Nikampeleka mtoto dei kea ya hapa mtaani, leo ni wiki ya tatu. Namfikisha saa 12 asubuhi, namchukua saa 12 na nusu jioni. Siku mbili za kwanza alilia sana, anti mmoja akanishauri niwe natoroka akiwa hajaniona. Sasa halii tena. Wanasema ni mtoto mwema, hasumbui, anakaa tu kimya. Shida ni nyumbani. Nikimfuata hanitazami, tukifika anajitupa chini, ananing'ata, analala saa 4 usiku na bado anaamkaamka. Mume wangu anasema dei kea itamchangamsha, atajifunza kukaa na wenzake. Mama mkwe anasema namharibu mtoto, nimpeleke kwake Korogwe mpaka afikishe miaka minne. Nani yuko sahihi? Na je, mtoto anaathirika?

JIBU: Mama, katika barua yako kuna jambo umeliandika kama habari njema, nami ndilo lililonishtua kuliko hayo meno: kwamba mtoto halii tena, hasumbui, anakaa kimya. Na kuna mtu umemtaja kwa sentensi moja kisha ukampita, yule dada aliyekwenda Singida. Nitaanza na hayo mawili. Baba na bibi watasubiri kidogo.

Mtoto wa miezi 22 akiachwa mahali pageni analia kwa sababu anamjua mtu wake na anamtaka. Hofu ya kuachwa huanza kuonekana karibu na miezi 8, hupanda mpaka mwaka mmoja na nusu hivi, kisha hupungua pole pole kadiri mtoto anavyopata maneno na kuzoea kwamba aliyeondoka hurudi. Mwanao bado hajatoka katika kipindi hicho. Analia pia kwa sababu maisha yake yote akilia kuna mtu huja. Kilio kina matumaini ndani yake. Kwa hiyo mtoto akilia getini saa 12 asubuhi, mimi sishangai. Ninachotaka kujua ni analilia mikononi mwa nani, na huyo mtu anafanya nini.

Ukimya ni mgumu zaidi kuusoma. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 70 wa miezi 15 walioanza dei kea mjini Berlin, Ujerumani. Watafiti walipima mate yao kuona kiwango cha kortisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mtu akiwa katika msukosuko. Mama alipoondoka, ndani ya saa moja homoni ile ilipanda kwa asilimia 75 hadi 100 juu ya kiwango cha nyumbani. Miezi 5 baadaye, watoto wakiwa wameshazoea machoni pa watu wote, bado ilikuwa juu kuliko nyumbani. Lililonivutia zaidi ni hili: kwa watoto waliokuwa na uhusiano salama na mama zao, kilio chao walipoachwa kililingana na kilichokuwa kikiendelea mwilini. Kwa wale wengine usingeweza kujua kwa kusikiliza tu.

Sisemi mwanao ni wa kundi hili au lile, siwezi kujua nikiwa huku. Ila usikubali "hasumbui" iwe ripoti ya mtoto wako. Siku moja omba ruhusa kazini, fika pale kituoni mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi bila kutoa taarifa, na usimame mahali asipokuona. Angalia mikono yake. Mtoto aliyezoea mikono yake ina kazi: anashika mchanga, anafungua kifuniko, anamvuta anti gauni amwonyeshe kitu. Akijikwaa anageuka kumtafuta mtu fulani, na huyo mtu anamjua. Anakula, hata kama ni vijiko vitano. Mtoto aliyekata tamaa amekaa pembeni na kibegi chake mgongoni hataki kivuliwe, au amekodolea mlango, au amekodolea televisheni. Akianguka hamtafuti mtu, anainuka mwenyewe. Wapo watakaomsifia kwamba ni jasiri. Kwa umri huo mimi huo ujasiri siutaki.

Kituo kikikukatalia kuingia au kuchungulia mpaka utoe taarifa kwanza, hapo una jibu tayari, na hayo mengine yote hapa chini yasome ukiwa unatafuta kituo kingine.

Sasa yule dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, kwa hiyo mwanao alipoingia mikononi mwake hakuwa hata na miezi mitatu. Akamwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni, akamwimbia usingizi, mchana kutwa, mpaka juzi tu. Kwako aliyeondoka ni mfanyakazi, na najua usumbufu wake, maana kila Januari nusu ya jiji hili inatafuta dada. Kwa mtoto ameondoka mtu aliyemlea. Hakuagwa, hakuelezwa, na kabla hajakaa sawa akapelekwa nyumba ngeni yenye kelele, na mama naye akawa anapotea akigeuka tu. Mtoto mdogo hana kalenda. Anachokiona ni kwamba watu wake wanatoweka, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayesema kitu.

Usijilaumu kwa kuwa na dada, maana hilo nalo wanawake wengi huliletea machozi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye utafiti wake ndio msingi wa mengi tunayoyajua kuhusu mtoto na mlezi wake, alianzia hapa jirani. Katika miaka ya 1954 na 1955 alikuwa akizitembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala, akikaa kuangalia mama na watoto wao. Aliona watoto wanaomtumia mama kama kituo chao: wanatoka, wanakwenda kuchezea vitu, wanarudi kumgusa, wanatoka tena. Aliona pia watoto waliokuwa na bibi, mama wadogo na dada zao, na hao nao walikuwa watu wao. Mtoto anaweza kuwa na watu watatu wanne anaowategemea na asiharibike hata kidogo. Kinachomvuruga ni watu hao kubadilishwa ovyo.

Kwa hiyo mtaje dada kwa jina lake. "Dada amekwenda kwao. Unamkumbuka. Mama pia anamkumbuka." Kama una picha yake kwenye simu mwonyeshe, na kama mna maelewano mpigie siku moja wasalimiane. Atalia? Huenda. Alie, ana haki ya kulia.

Tuje jioni, kwenye kung'ata na kujitupa chini. Mtoto wa umri huu hana breki zake mwenyewe bado. Sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia sisi tusimtukane konda inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini, na kwake ndiyo kwanza inaanza. Mpaka itakapokomaa anaazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu. Kutwa nzima pale kituoni alijibana kwa sababu hapakuwa na wa kumwazima. Umefika wewe, ameachia. Kule kutokutazama nako ni hivyo hivyo: hakulipizii, anahitaji dakika chache aamini kwamba umerudi kweli. Hapa tuna tabia yetu ya kumshurutisha mtoto, "msalimie mama, sema shikamoo, mbona hufurahi?" mbele ya kina anti. Muache. Chuchumaa, nyoosha mikono, subiri. Akikupita akaenda kwenye bajaji, mfuate kwenye bajaji.

Meno yenyewe ni ya kawaida kati ya mwaka 1 na 3, hasa kwa mtoto ambaye maneno yake bado machache. Mwondoe taratibu, mtazame, sema kifupi: "Hapana. Kung'ata kunauma." Kisha mpe neno ambalo alilikosa: "Umechoka. Sema nimechoka." Atalisema baada ya miezi, lakini analisikia leo. Najua jirani ameshakushauri umng'ate na wewe ajue uchungu wake, na mwingine amekuambia pilipili. Ukimng'ata utakuwa umemfundisha kwamba hata mama ananing'ata nikichoka, basi.

Ila kabla ya yote hayo, piga hesabu ya usingizi, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya tabia ya jioni ya watoto wa Dar es Salaam inatengenezwa na foleni. Unamfikisha saa 12 asubuhi, kwa hiyo anaamshwa saa 11 alfajiri. Analala saa 4 usiku. Hizo ni saa 7, na anaamkaamka humo humo. Hata akilala saa 2 nzima mchana, jumla ni saa 9. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mwanao anadaiwa saa 2 kila siku, kwa hesabu ya chini kabisa, na wiki ina siku tano za kazi. Mtu mzima akikosa saa 2 kila siku hashikiki, sembuse huyu. Usiku wake uanze saa 2 na nusu. Kuoga, chakula alichopikiwa mapema au kilichobaki mchana, taa zipungue, televisheni izimwe hata kama taarifa ya habari haijaisha. Kama ni lazima apate usingizi kidogo mgongoni mwako mkiwa njiani, apate. Mbeleko imelaza watoto wengi kuliko vitanda vya dukani.

Na zile dakika ishirini za kwanza mkifika nyumbani, kabla ya jiko na kabla ya simu, ziwe zake. Kaa chini naye sakafuni. Huhitaji kumchezea lolote la maana.

Mume wako sasa. Anasema dei kea itamchangamsha, na yuko sahihi nusu. Mtoto wa miezi 22 hajawa wa kucheza na wenzake kwa maana tunayoifikiria sisi. Mildred Parten, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1932 juu ya jinsi watoto wadogo wanavyocheza, na alichokiona ndicho utakachokiona leo kwenye uwanja wowote wa Tabata: wadogo hawa wanacheza kando kwa kando, kila mmoja na kopo lake, wakitupiana jicho. Kucheza pamoja kwa kupeana zamu na kupanga mchezo kunakuja baadaye. Hata kumwambia "mpe mwenzio" ni kumtaka afanye jambo ambalo kwa umri wake hulifanya akijisikia, siyo akiamriwa. Ukweli ni kwamba tayari ana mbegu za huruma; watoto wa kati ya miezi 18 na 24 huanza kumsogelea mwenzao anayelia na kumpa kitu. Lakini mbegu hiyo inakua pale ambapo yeye mwenyewe akilia anasogelewa. Anajifunza watu kwa mtu mzima kwanza, ndipo anakwenda kwa wenzake. Watoto kumi na tano wa umri huu na anti mmoja aliyechoka hawafundishani kukaa na watu. Wanafundishana kunyang'anyana, na mpole anajifunza kunyamaza.

Utafiti mmoja mkubwa wa jambo hili ulianza Marekani mwaka 1991, ukawafuata watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa. Mume wako atapenda kusikia kwamba kwenda dei kea peke yake hakukuvunja uhusiano wa mtoto na mama. Ulipotetereka ilikuwa pale ambapo mama mwenyewe hakuwa mwepesi wa kumsoma na kumjibu mtoto wake, na juu ya hapo malezi ya kituoni yakawa duni, au ya saa nyingi, au ya kubadilishwabadilishwa. Walezi wazuri, wanaoongea na mtoto na kumjibu, waliendana na watoto wenye lugha na uelewa mzuri zaidi. Saa nyingi za kukaa huko ziliendana na ukorofi kidogo zaidi. Na nyumbani, yaani jinsi wazazi wanavyoishi na mtoto, kulikuwa na uzito kuliko dei kea yoyote. Hilo la mwisho mwambie kwa sauti. Zamu yake bandarini ikimwachia asubuhi, ampeleke yeye mtoto saa 3 badala ya wewe saa 12. Zikimwachia alasiri, amchukue saa 9. Saa 12 na nusu kwa siku ni nyingi mno kwa mtoto wa umri huo. Kila saa mtakayoipunguza ina faida kuliko kitabu chochote cha rangi mtakachomnunulia. Tena watoto wengine huagana na baba kwa urahisi kuliko na mama, kwa hiyo jaribuni.

Kwa upande mwingine, kuna funzo la Quebec, Kanada, ambalo wanaosema "dei kea yoyote ni bora kuliko kukaa nyumbani" wangelisoma. Mwaka 1997 jimbo lile lilianza kutoa malezi ya mchana kwa dola 5 tu kwa siku. Wazazi wakamiminika, nafasi zikaongezwa mbio mbio. Mwaka 2008 wachumi waliofuatilia matokeo waliandika kwamba watoto walikuwa wamezidi ugomvi na wasiwasi. Kujenga chumba na kukijaza watoto ni kazi rahisi, na mitaa yetu imejaa ushahidi.

Basi unatazama nini kwenye kituo? Kila mzazi huniuliza kuhusu bembea na ukuta uliochorwa katuni. Mimi naanza na hesabu ya watu. Uingereza, kwa mfano, kanuni ni mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka miwili, na kwa wenye miaka miwili ni mlezi mmoja kwa watoto 5, tangu Septemba 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 4. Hapa kwetu, kwa ada tunazoweza kulipa, hutapata mmoja kwa watatu. Lakini ukikuta mmoja kwa watano au sita katika chumba cha wadogo, hapo pana mtu anayefikiri. Ukikuta wadogo na wakubwa wamechanganywa chumba kimoja mbele ya televisheni, geuka urudi. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani hautaki skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unaweka ukomo wa saa moja. Katuni za asubuhi mpaka uji wa jioni ni njia ya kituo kukubali kwamba walezi hawatoshi.

Swali la pili: mlezi huyu ana muda gani hapa? Walezi wengi wanalipwa kidogo, na anayelipwa kidogo haondoki kwa kupenda, anaondoka kwa nauli. Kituo ambacho kila baada ya miezi miwili kina sura mpya kitampa mwanao Singida nyingine na nyingine. Mwenye kituo akikujibu kwamba fulani yupo mwaka wa tatu, mwombe fulani huyo huyo ndiye ampokee mwanao kila asubuhi, ambadilishe pampasi, na amlaze mchana. Ni ombi dogo. Kituo kizuri kinalielewa papo hapo, na kibaya kitakuambia "hapa sote ni walezi."

Kisha uliza cheti. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndiye wa kumuuliza kama hicho cha mtaani kwenu kipo kwenye orodha. Vingi vinaanza ndani ya nyumba ya kupanga bila hata kujua kwamba vinatakiwa kusajiliwa. Kuwa na cheti hakumfanyi mtu awe mpole kwa watoto, lakini kunamfanya awe na mtu wa kumkagua.

Na kama wakikuonyesha kwa fahari daftari la mtoto wa miaka miwili lenye "a e i o u" mistari saba, na ikaongezwa kazi ya kufanyia nyumbani, tabasamu tu. Daftari hilo limeandikwa na anti akiwa ameshika kiganja cha mtoto. Dakika zile zingetumika kumimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Serikali yetu yenyewe ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, na inazungumzia afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Mtoto hujifunza awali yake kwa kucheza na kwa kuongeleshwa.

Turudi kwa anti aliyekushauri utoroke. Alikuwa na nia njema na alikuwa na watoto wengine kumi wa kupokea, lakini kuanzia kesho usitoroke tena. Ukitoroka, asubuhi inakuwa tulivu na siku nzima inakuwa ya kulinda mlango, na nyumbani hataki uende hata chooni bila yeye. Aga. Kwa kifupi, kila siku kwa maneno yale yale: "Mama anakwenda kazini. Ukishakunywa uji wa jioni, mama anakuja." Saa haijui, uji anaujua. Usimdanganye kwamba unakwenda kumnunulia biskuti. Mkabidhi mkononi kwa yule mlezi wake mmoja, siyo kumweka chini sakafuni, kisha ondoka, na usirudi dirishani. Mwachie kipande cha kanga yako uliyolalia, bila kuifua. Watamcheka? Waeleze. Na ujiandae, ukianza kumuaga atalia upya, pengine kwa nguvu kuliko siku ya kwanza. Hapo usiseme tumerudi nyuma.

Ukiweza kupata siku chache za likizo, anza upya kabisa. Wajerumani wana utaratibu wanaouita wa Berlin: siku tatu za kwanza mzazi anakaa kituoni pamoja na mtoto kama saa moja, kisha wanarudi nyumbani pamoja, hakuna kuachana. Siku ya nne mzazi anaaga na kutoka kwa muda usiozidi nusu saa, na wanatazama kama mlezi anaweza kumtuliza mtoto. Anaweza, muda unaongezwa, hawezi, wanasubiri. Katika ule utafiti wa watoto 70, mama waliotumia siku nyingi zaidi kumzoesha mtoto ndio ambao uhusiano wao na mtoto ulibaki salama, au ulikuwa legelege ukakaa sawa. Najua mwajiri wa Posta hatakupa wiki mbili kwa ajili ya hili. Siku tatu, nne, omba. Siyo lazima awe wewe pia, na hapa ndipo bibi wa Korogwe anapoingia.

Kabla sijafika kwake, yapo mambo ambayo hayasubiri wiki. Mtoto akiwa na alama mwilini zisizo na maelezo, akimwogopa mtu mmoja fulani, akichukuliwa jioni akiwa amelegea kwa usingizi usioeleweka, mtoe siku hiyo hiyo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hailipiwi. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, hakutazami usoni hata siku za mapumziko akiwa ameshiba na amelala vizuri, huyo mpeleke hospitali kwa daktari wa watoto, na usikubali kuambiwa ni dei kea tu. Akiacha kula na uzito unashuka, vivyo hivyo. Mengineyo, yaani kulia, kung'ang'ania, kuamka usiku, kurudi kujikojolea kama alishaacha, mpe wiki nne hadi sita tangu siku utakayoacha kutoroka. Hayapungui hata kidogo, badili kituo. Lakini badili mara moja, kwa kuchagua, siyo kurukaruka.

Sasa mama mkwe. Anachokiona yeye ni kweli: mtoto hayuko sawa. Dawa yake ndiyo siipendi. Kumpeleka Korogwe mpaka miaka minne ni kumwondolea baba na mama kwa mkupuo, mwezi mmoja tu baada ya kumpoteza dada, katika umri ambao kuachwa kunauma kuliko umri mwingine. Atampenda bibi, hilo sina shaka, atakula vizuri na atalala saa 2. Halafu akifika miaka minne utakwenda kumchukua, na utakuwa unamtoa kwa mtu wake mkuu ili umlete kwa wageni wawili wa Tabata. Watoto wengi wamelelewa na bibi zao na wamekua vizuri. Wengi wao hawakurudishwa katikati ya safari.

Mpigie simu, na mpigie wewe, usimtume mumeo. Shikamoo yako itangulie, mwambie umemsikia na kwamba mtoto kweli anateseka. Kisha mwombe yeye ndiye aje, wiki mbili tatu, muda wowote shamba litakapomruhusu. Mtoto apumzike naye nyumbani siku chache wazoeane. Baada ya hapo bibi ndiye ampeleke kituoni saa 3 asubuhi, akae naye pale kwenye mkeka mpaka saa 4 au 5, warudi pamoja, na siku zinazofuata aanze kumwacha kidogo kidogo mikononi mwa yule mlezi mmoja mliyemchagua. Yeye amelea, ataona mambo kwenye kile kituo ambayo mimi na wewe tusingeyaona, na akisema pale hapafai, msikilizeni.